Mpishi Aliyekimbia Herufi Mbili

Kesi huachwa lini? Rebeka, nahodha wa kundi la Mwanza, alikuwa amejiuliza hivyo tangu asubuhi na jibu hakulipata. Kanuni za mchezo zilisema tu kwamba nahodha anaweza kufunga jalada kabla ya saa kumi alasiri, akabaki na nusu ya alama zake. Akimtaja asiye mhalifu, kundi zima hutoka. Saa ya kukata tamaa aijue mwenyewe.

Mchezo ulichezwa kwa barua pepe. Mwaka ule wa 1999 waliubuni wanafunzi wa Kitanzania walioko ng'ambo, na makundi ya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza yalihoji watuhumiwa wa kubuni, kila mtuhumiwa akichezwa na mtu halisi aliyefichwa jina. Safari hii kinu cha pamba kilikuwa kimeteketea kwa moto. Waliosalia kushukiwa ni wawili, mlinzi na mpishi. Rebeka alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuoni, mwaka wa pili wa sheria, na kundi la Dar lilikuwa la wanafunzi wenzake. Alitamani kuwashinda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Walikaa watatu mbele ya kioo kimoja, yeye, Nurudin na Mihayo, katika chumba cha kompyuta cha mzee Salehe, Mkuyuni, juu ya duka la vitenge. Nyuma yao, kwenye kompyuta nyingine, alikuwapo Dada Getruda, mpigachapa wa Salehe. Alikuwa karani wa ushirika wa pamba huko Ukerewe mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na makarani wakapunguzwa. Barua za wateja alizinakili bila kosa hata moja, na kinywani mwake hayakutoka ila maneno machache: ndiyo, bado, asante.

Jibu la mpishi likaingia. Nurudin akalisoma kwa sauti ya jukwaani.

"'Mimi nirikuwa nimerara. Mrinzi ndiye ariyekuwa macho.'" Akajishika mbavu. "Huyu akipika wali, jamani, mtakula wari."

"Kwa piripiri," Mihayo akadakia. Mihayo mwenyewe alizaliwa Usagara, nje kidogo ya mji, na miaka minne ya bweni aliitumia kung'oa mkanganyiko huo wa L na R ulimini mwake. Ndiyo maana alicheka kuliko wote.

Rebeka naye alicheka. Kisha akauliza: ulifanya nini ulipouona moto? Jibu lilichelewa kidogo.

"Sikutoka jikoni. Moshi ukaingia, nikakohoa sana, nikaita watu. Ufunguo sina, sijawahi kuushika."

Alilisoma mara tatu. Maneno kumi na mawili, na ndani yake hamna L wala R. Furaha ya mpelelezi ikampanda kichwani kabla akili haijafika.

"Mpishi ametusikia," alinong'ona. "Yumo humu ndani."

Hakuna aliyegeuka. Humo ndani, mbali na wao, alikuwamo mtu mmoja tu.

Nurudin akachukua karatasi na kuandika: *Mwambie ataje vitu vya jikoni, kimoja kimoja.* Rebeka akaelewa mara moja. Jiko gani la Uswahilini lisilo na sufuria na mchele? Akaiambia nafsi yake kwamba ushahidi unataka uhakika, na swali hilo akaliandika kwa vidole vyake mwenyewe.

Nyuma yao vibonye vikalia, vikanyamaza. Kisha kibonye kimoja kikagongwa mfululizo, kile cha kufuta. Vikalia tena, vikafutwa tena. Kanuni ilimpa mtuhumiwa robo saa, na ilikuwa inakwisha.

"Sufulia tatu. Mchere. Chumvi. Mafuta ya taa, madebe mawiri."

"Sufulia," Mihayo akarudia, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Acha sufulia, soma mwisho," Nurudin akasema. "Jalada linasema jiko lile ni la kuni na taa ni za umeme. Mafuta ya taa ya nini? Tumeshinda, Wakili. Andika mpishi."

Rebeka akageuka. Dada Getruda alikuwa ameweka mikono mapajani. Hakuwa akilia.

"Dada, sikujua kuwa ni wewe."

"Swari ra kwanza hukujua." Sasa hakuikimbia herufi yoyote. "Hiri ra mwisho urijua."

Getruda akamtazama Rebeka usoni.

"Niriomba kuingia kundi renu. Ukaniambia rinataka watu wa Kiswahiri sanifu. Mzee Sarehe akanitafutia nafasi ya mpishi, nikasema basi, hata hiyo."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemjibu kwa tabasamu na adabu zote, na matamshi yale akayasahau siku ileile, pamoja na mwenyewe.

"Naweza kulifunga jalada, dada."

"Ukirifunga mimi napata nini? Mmeshanicheka. Utakayerara vizuri ni wewe."

Mihayo akajikohoza kuficha kicheko. Getruda akavuta barua ya mteja iliyokuwa pembeni, akaanza kuinakili.

"Saa kumi kasoro dakika nne," Nurudin akasema. "Wakili, usituharibie. Kukosa adabu tumekosa, sawa, tutamwomba radhi. Lakini mafuta ya taa hayana lafudhi. Ushahidi ni ushahidi."

Kwa hoja alikuwa sahihi, na Rebeka hakuwa na kifungu cha kumpinga. Alijua pia kwamba Getruda amesema kweli: kufunga jalada hakungemrudishia chochote. Akavuta kibodi karibu yake ili mwingine asiiguse.

"Hatumtaji mpishi," akawaambia wenzake, kwa sauti iliyofika hadi meza ya nyuma. "Ninafunga jalada sasa hivi, na makundi yote yatasoma sababu: nahodha wa Mwanza aliuliza swali ili kumdhalilisha mtu. Kesi tumeiacha."