Joho la Mwimbaji wa Mbele

Kwaya nzima ilimwita Kinanda, na jina lilimkaa. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani, ana chumba cha kushonea chenye dirisha moja linalotazama barabarani. Lakini Jumapili akisimama mbele na kufungua kinywa, hata watoto watundu walitulia. Kisha ukaja uvimbe wa shingo. Daktari aliutoa salama salimini, ila sauti ikaondoka nao. Kilichobaki ni mkwaruzo, kama bawaba iliyokosa mafuta.

Aliomba irudi. Alifunga, akawekewa mikono, akanywa asali mpaka akaichukia. Moyoni alikuwa amemwekea Mungu sharti asilolitamka: rudisha sauti, nami nitarudisha furaha. Miaka ikapita. Kanisani akahamia benchi la nyuma, na wimbo ukianza anatoka nje kana kwamba amesahau kitu.

Ndipo mwalimu wa kwaya akaja na furushi la majoho ya kurekebisha.

"Dada, haya ni ya kubadilisha kola," alisema, macho yakimkwepa. "Na hili ni la yule binti anayeongoza sasa. Linaburuta chini."

Kinanda alilijua kabla hajalikunjua. Lilikuwa lake.

"Naweza kulipeleka kwa fundi mwingine," mwalimu akasema.

"Akaliharibu? Liache hapa."

Alipobaki peke yake akalipitishia pasi kulainisha pindo, akaanza kufumua. Kitambaa kikatoa harufu ya joto, na harufu ile ikamchukua mzobemzobe hadi nyumbani kwa mama yake, Jumamosi mchana, nguo za kanisani zikipangwa juu ya kiti. Mama alikuwa akipiga pasi na kuimba. Na mama, Mungu amrehemu, hakujua kuimba hata kidogo. Baba alikuwa akisema kwamba mkewe akishika pambio, kuku wanakimbilia bandani. Aliyasema hayo akiwa kitandani, mgonjwa wa muda mrefu, na kitanda kile hakukiacha tena.

Siku moja Kinanda, angali mdogo, aliuliza, "Mama, husikii unavyokosea?"

"Nasikia. Kwani sina masikio?"

"Mbona huachi?"

"Siwaimbii majirani, mwanangu. Ninayemwimbia ananijua."

"Hata sasa, baba akiwa mgonjwa?"

Mama akageuza kola, akaikandamiza polepole. "Namwombea apone kila siku. Lakini sikumwambia Mungu kwamba nitaimba, au nitampenda baba yako, akishainuka tu."

Wakati ule Kinanda aliona ni maneno ya watu wazima tu. Sasa sindano ilisimama mkononi.

Mumewe akachungulia mlangoni. "Umejichoma?"

"Namkumbuka mama."

"Mbona sielewi, unacheka au unalia?"

"Vyote."

Mume akavuta kigoda, akakaa naye. Kinanda akamaliza kushona pindo, na katikati ya kushona akaomba. Kwa mara ya kwanza tangu augue, hakuomba sauti. Alishukuru tu, kwa mama, kwa mume aliyekaa pale, kwa Bwana ambaye hakuondoka sauti ilipoondoka. Akashangaa jinsi moyo ulivyotua, na hali hakuna kilichobadilika.

Jumapili yule binti alisimama mbele, joho likimkaa sawasawa. Aliimba vizuri. Wivu ulimpita Kinanda kifuani, hakujidanganya kwamba haukuwepo. Lakini hakutoka nje. Kibwagizo kilipofika, aliimba kwa mkwaruzo wake. Mama mmoja wa benchi la mbele yake akageuka, akamtazama, kisha akampa tabasamu na kuendelea na wimbo.

Sauti haikurudi. Hata leo mteja mgeni akipiga simu humwamkia, "Shikamoo mzee," naye hujibu, "Marahaba, lete kitambaa," huku akicheka mpaka anaangusha chaki.