Isale la Mpakani kwa Elinipendo

Mwaka tisini na tatu, wafu walipotangaza vita na mji wa Moshi, Julius ndiye aliyekuwa wa kwanza kudandia basi la Himo. Mwanaume mzima, ptuu! Na ni yeye aliyeanza kuuza kihamba, shamba la ukoo, pamoja na makaburi ya wazee wake. Mnunuzi aling'oa kahawa, migomba na mifupa, akapanda nyanya. Wengine wakaiga. Sasa wenye mifupa walikuwa wamejipanga mlimani, maelfu kwa maelfu, na risasi za askari hazikuwafanya kitu. Jemadari wao alikuwa mzee Sirili, baba mzazi wa Julius.

Nyumbani Shirimatunda alibaki mkewe, Theodora, na binti yao Gladys aliyejifungua jana yake, hata kusimama hawezi. Theodora alilia, akamtukana mumewe mpaka akachoka, kisha akajifuta machozi. Mchagga akiletewa jani la isale na aliyemkosea, hana ubavu wa kukataa kusamehe, awe hai awe mfu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumwokoa mwanawe.

Lakini isale la kwao lilikwisha kung'olewa na trekta. Basi asubuhi ile, akipanda mlima mbio mbio, alichuma la mpakani kwa jirani yao wa zamani, Elinipendo. Hata hodi hakupiga. Jani ni jani, alijiambia. Masikini mama wa watu!

Alimkuta Sirili mbele ya jeshi lake, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Gladys."

Alimpa jani kwa mikono miwili. "Tumekukosea, baba. Tusamehe."

Mzee alilipokea, akalinusa. Theodora akashusha pumzi.

"Umelichuma wapi?"

"Mpakani kwa Elinipendo, baba. La kwetu liling'o..."

"Basi aliyeomba radhi ni Elinipendo. Amesamehewa, yeye na watu wake wote."

Alinyanyua mkono, na wafu wakaanza kuteremka. Theodora aling'ang'ania sanda ya mkwewe, akaburutwa kwenye matuta ya nyanya huku akipiga mayowe.

"Baba, Gladys ni damu yako! Kichanga chake hakijapewa hata jina!"

"Najua ni damu yangu," alisema Sirili bila kugeuka. "Ndiyo maana tunaanzia kwake."