Mpira Uliobaki Juu

Jumapili ile Asmani aliacha kukanyaga mawese mapema, akaenda ziwani kusugua nyayo kwa majivu na mchanga. Mguu wenye mafuta hupiga mpira ovyo, na siku hiyo hakutaka kukosea. Kaka yake Radjabu alikuwa amefungwa mnyororo shingoni pamoja na wafungwa wengine wa Wadachi, Wajerumani wenye serikali. Kosa lake: alitua mzigo wa serikali njiani Kabezi, akarudi Rumonge kumzika mtoto wake. Bwana Luteni, mkuu wao pale Rumonge, alikuwa ameahidi mbele ya watu kwamba Asmani akiwashinda askari mchezoni, nduguye atafunguliwa.

Mpira wenyewe uliachwa na Mmarekani mmoja aliyepita akiwinda viboko. Ulichongoka pande mbili kama papai, na ukidunda hujui utakwenda wapi. Aliacha na sheria zake pia: watu waukumbatie, wakimbie, waangushane, na mwishoni mpigaji mmoja aupige upite juu ya mti uliolazwa kati ya nguzo mbili. Kiangazi kile Rumonge ilikuwa na wapigaji hodari, na Asmani aliwapita wote.

Jua lilipoinamia milima ya Kongo, askari walikuwa mbele kwa alama chache, na ulibaki mkwaju mmoja tu wa kuwapita. Wafungwa walisimamishwa pembeni watazame. Asmani hakuthubutu kumwangalia kaka yake. Askari Mustafa akausimamisha mpira mchangani, akaushikilia kwa kidole. Asmani akaupiga.

Ulipaa, ukapita katikati ya nguzo, juu ya mti, ukasimama hewani mbele kidogo. Watu walingoja. Mwewe akatua juu yake, akaona hauliki, akaenda zake.

"Umepita, Bwana Mukubwa," alisema Asmani. "Mupira iko kule, kila mutu anauona."

"Iko juu," alijibu Luteni. "Haujaanguka ng'ambo. Mchezo haujaisha."

"Aliye juu mungojee chini," alitania muuza ndagala mmoja, vile visamaki vya ziwani, na watu wakakaa mchangani kungoja. Mbu walipoanza kuuma, kila mmoja alirudi kwake.

Wiki ile wavuvi waliufanya mpira alama ya kurudia pwani. Asmani aliegemeza ngazi kwenye mpira wenyewe, akapanda, akausukuma kwa mikono na kwa bega. Ulikuwa na joto la jua na haukutikisika hata kidogo. Alilia juu ya ngazi, kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Luteni kumwombea kaka yake. Luteni hakukasirika. Alisema askari wake wanataka kucheza na hawana mpira.

"Nani aliupiga?"

"Ni miye, Bwana Mukubwa."

"Basi mali ya serikali imepotea kwa mguu wako. Utafungwa mpaka ushuke."

Asmani alitaka kusema kwamba haukupotea, kwamba unaonekana hata kutoka kijiji cha Kizuka, lakini mwenye nguvu mpishe. Mustafa akamvisha shingoni pete ya chuma iliyokuwa tupu kwenye mnyororo, nyuma ya Radjabu. Radjabu akasogea kumpa nafasi.

"Ulipita, mudogo wangu," alisema. "Niliuona ukipita."

Kisha wakainuka pamoja, maana mizigo ya serikali ya kupeleka Usumbura ilikuwa tayari.