Tutapigwa Arobaini

Olwen aliificha rimoti ndani ya kopo la unga. Mumewe Idwal alijua iko wapi, lakini alinyamaza, maana mtu aliyetoka hospitali juzi na moyo wa kushikizwashikizwa hagombani na anayempikia.

Muuguzi alikuwa amesema hivi: mzee anaweza kuangalia raga, ila si mechi ya kukabana koo. Wales ikishinda kwa mbali, sawa. Ikipigwa kwa mbali, sawa pia, atanuna tu, na kama kununa kungekuwa kunaua, kijiji chao cha Cwmhelyg kingebaki na kondoo peke yao. Lakini mechi ya pointi moja moja mpaka dakika ya mwisho, hapana. Na Jumamosi Wales ilikuwa inacheza na England.

Wakakubaliana. Alhamisi Olwen angekwenda klabu ya raga ya kijijini kuwauliza wanaume wanaionaje mechi. Ikiwa nyepesi, upande wowote, rimoti itatoka. Ikiwa ngumu, Idwal atapelekwa kwa shemeji yake kule Aberaeron, akatazame bahari mpaka jioni.

"Bahari nimeshaiona," Idwal alisema.

"Utaiona tena. Haijaisha."

Shida ni kwamba pale klabu, wiki ya England, hakuna anayesema tutashinda. Ni mwiko. Ukiuliza utaambiwa tutapigwa, na kadiri mtu anavyotumaini ndivyo anavyozidisha pointi za kupigwa. Olwen alilijua hilo tangu aolewe, na miaka yote alikuwa akiyageuza maneno yao kama soksi: wakisema arobaini, basi tunashinda. Ila mwaka huu Wales ilikuwa imepigwa na kila aliyepita njia. Soksi ilikuwa haina tena ndani wala nje.

Aliwakuta wawili kaunta. Haydn alikuwa anafuta glasi, na Brynmor, aliyecheza safu ya mbele enzi zake mpaka masikio yakakunjamana kama kabichi, alikuwa anaitazama bia yake.

"Shemeji," Brynmor alisema, "umekuja kuchukua kiti cha Idwal?"

"Nimekuja kuuliza. Jumamosi itakuwaje?"

"Tutapigwa," alisema Haydn.

"Ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini na tano," alisema Brynmor, akanywa.

Olwen akavua glavu, akaziweka kaunta. "Sasa nisikilizeni. Siulizi kwa ajili ya mechi, nauliza kwa ajili ya moyo wa Idwal. Hiyo arobaini ni arobaini ya klabu, au ni arobaini yenyewe?"

Wanaume wakatazamana. Haydn aliifuta ile glasi tena, ingawa ilikuwa kavu.

"Ni arobaini," alisema taratibu.

"Haydn, mimi nilimbeba mwanao kwenda kubatizwa."

"Ndiyo, mama, nami nakuheshimu. Arobaini."

Olwen akaondoka. Kwenye ujia wa chooni Brynmor akamfuata, akatazama nyuma kama mwizi wa kuku. "Shemeji, usimwambie mtu. Tunashinda kwa pointi moja. Nimeota."

"Umeota nini?"

"Sikumbuki. Lakini niliamka nimefurahi."

Mlangoni Haydn akamwahi, akamshika koti. Macho yalikuwa yamemlowa, na si kawaida yake. "Mama, tutapigwa kweli. Mwache Idwal aangalie. Hakuna cha kumshtua."

Olwen akapanda mlima kwenda nyumbani akiwa hajui hata mguu upi unatangulia. Mmoja amesema kweli kwa siri, mwingine amesema kweli kwa siri, na kweli zenyewe hazisalimiani. Na yale machozi ya Haydn, je, ni ya mtu aliyekata tamaa, au ni ya mtu mwenye tumaini kubwa mno asiyeweza hata kulinong'ona?

"Wanasemaje?" Idwal aliuliza kabla Olwen hajavua koti.

"Arobaini. Brynmor arobaini na tano."

Mashavu ya Idwal yakapata rangi. "Arobaini na tano? Brynmor?"

Olwen akaogopa ile rangi. "Lakini mwaka huu wanamaanisha."

Rangi ikatoka yote, akawa kama karatasi. Olwen akaogopa zaidi. "Au labda hawamaanishi," akaongeza haraka.

"Mke wangu, amua. Unanipandisha na kunishusha, na mechi haijaanza."

Olwen akakaa. Ndipo Idwal akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza tangu waoane: "Wewe unaonaje?"

"Mimi? Sijui, Idwal. Kweli sijui."

"Hata mimi. Sasa fikiria: sijui nikiwa hapa, au sijui nikiwa Aberaeron, nasikia makelele ya baa ya watu na siwezi kujua nani anashangilia. Kipi kitaniua?"

Hilo Olwen aliliwaza usiku kucha. Jumamosi akaenda jikoni, akarudi na rimoti, akaipuliza unga.

Mechi ilikuwa ile ile aliyoikataza muuguzi. Olwen hakuona hata mpira. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mumewe kwa kidole gumba, anasikiliza mshipa, na ulikuwa unapiga kama mtu anayeshuka ngazi akikimbia.

"Idwal, moyo wako unakwenda mbio."

"Wangu umetulia. Huo ni wako, gumba lina mshipa wake."

Akabadilisha vidole. Kweli, wa mzee ulikuwa unatembea polepole, kama anakwenda kununua gazeti.

Dakika ya mwisho watu walilaliana juu ya mpira kwenye mstari, wekundu wa Wales na weupe wa England. England walikuwa mbele kwa pointi nne; mpira ukiwa umegusa chini, Wales ingepata tano. Mwamuzi akatazama, akakuna kichwa, akaomba aonyeshwe picha tena.

"Unaonaje?" Olwen alinong'ona.

Idwal akaitazama televisheni kwa muda mrefu. "Tumeshinda," alisema.

Olwen akamgeukia. Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake kabla ya filimbi. Akatafuta usoni kama ni furaha au ni mtu aliyekwisha kuaga, asione. Akashika tena kile kifundo cha mkono, kwa vidole sahihi. Mshipa ulikuwa unatembea.

"Haya," akasema, "basi tumeshinda," na wote wawili wakaendelea kumsubiri mwamuzi.