Fungu la Marehemu

...lakini mkanda huu alishaulaza, mikono yake inakumbuka, maana msafishaji wa ndege akimaliza kiti hulaza mikanda yake msalaba ili mwenzake ajue pameshapitiwa, na sasa umefungwa, umekazwa kwa kadiri ya kiuno cha mtu mnene na mtu hayupo, ndege tupu, na mlangoni kasimama katibu wa chama cha wafanyakazi na kalamu yake, anasema shemeji, leo ndiyo mwisho wa kuchagua, mwezi ujao unastaafu, ni pensheni ya chama au akaunti ya mwajiri, naye anamjibu nakusikia, wala hamsikii, anakitazama kile kiuno... akaunti, anasema katibu kwa sauti ya mtu anayemlisha mgonjwa uji, ni mfuko wako peke yako, kampuni imetia na wewe umetia, unachota mpaka uishe, ukifa kabla haujaisha watoto wanachukua kilichobaki, lakini pensheni ya chama ni chungu cha wote, utapewa kila mwezi hata ukiishi mpaka usahau jina lako, ila siku ukifumba macho nayo inafumba... kama ilivyofumba kwa mume wake, mpakia mizigo, kiuno kama gunia, kabeba masanduku ya watu maisha yake yote wala hajapanda ndege hata ya kwenda kutazama mawingu, akachagua chama, tena ile pensheni nene isiyomhesabu mke, mume akifa mjane hapati kitu, alitaka sifa, akaipokea mara tatu akafa, na katibu huyuhuyu alikuja msibani, akala akashiba, akasema pole shemeji, fungu la marehemu limerudi chunguni, limerudi, kana kwamba ni kijiko cha kuazima... na binti yake jana, chukua akaunti mama, usituache mikono mitupu, mtoto mzuri, hana ubaya, lakini alisema huku akimtazama shingoni, mama umekonda, jicho lake jicho la fundi nguo anayepima, maana kila mwaka atakaoishi mama utakatwa kwenye mfuko wa binti, atakuwa anakohoa na chumba cha pili mtu anapiga hesabu bila hata kujijua... na chama nacho kina jedwali, katibu kalitaja bila haya, wataalamu wameshakadiria mwanamke wa umri wake atafika wapi, kwa hiyo kuna karatasi mahali ambamo yeye ameshakufa, wameshamaliza kumzika... ananyoosha mkono afungue mkanda, chuma kina joto, joto la tumbo la mtu, anaurudisha mkono, juu ya kiti taa ya kumwita mhudumu inawaka, ting, hakuna aliyebonyeza, na katibu anauliza, "Shemeji, mbona umeganda?", anamjibu, "Naganda kwa raha zangu, wewe subiri," na sauti yake inatoka kavu kama ya mtu mwingine... kurudi chunguni, haya, limerudi, limeliwa na nani, na walio hai, kila mwisho wa mwezi mzee fulani anapokea, anakwenda dukani, anatafuna, hajui anatafuna mgongo wa mpakia mizigo aliye chini ya udongo, wafu ndio wapishi wa chungu hicho, hawalali, hawadai likizo... damu inamsimama, kisha inatembea tena, inatembea kwa hasira, maana kama ni hivyo basi naye ataketi penye chungu, ataanza na fungu la mumewe, kijiko kwa kijiko, lake yule mpenda sifa, na akilimaliza ataingia kwenye mafungu ya wafu wenziwe, na wataalamu wa jedwali waandike wafute, na binti yake atakuja siku za mapumziko kumtazama usoni tu, usoni, pasipo cha kupima, chama, atasema chama, neno liko ulimini halijatoka bado, katibu anabonyeza kalamu, anaibonyeza tena, kiti kile hakijatikisika, mkanda bado umekazwa, na yeye, ambaye tangu msiba chakula kwake kilikuwa kama majivu, anahisi njaa, njaa kubwa, ya watu wawili.