Risasi Haina Rufaa

Kwetu mtu hapigi hodi. Tangu wanangu wawili wakiwa wadogo, anayekuja husimama mlangoni akasema, "Kitendawili," na aliye ndani hujibu, "Tega." Ukichelewa kujibu, mwenzio huingia tu, nawe umeshindwa, unampa mji. Hata walipoota ndevu hawakuacha.

Mkubwa alikuwa fundi wa funguo, karakana yake chumba cha mbele cha nyumba yangu. Mdogo alikuwa karani wa mahakama. Wezi walipomfunga Fundi kamba mchana kweupe wakabeba mashine yake, alikwenda kuomba kibali, akarudi na bastola. Akaiweka kwenye droo, juu ya funguo mbovu.

Siku hiyo chakula kilipoa mezani.

"Mtu anawafungia wenzake milango, kumbe mwenyewe anaogopa mlango," Karani akamtania.

"Cheka tu, mdogo wangu. Jambazi akija, wewe utamsomea kifungu cha sheria."

"Nitamsomea. Vipo virefu, atasinzia."

"Polisi niliwaita. Walifika nimeshajifungua kamba kwa meno."

"Najua, kaka. Faili lako nimelichapa mimi, na liliniuma. Lakini hakimu akikosea, kuna rufaa. Risasi haina rufaa."

Fundi akasukuma sahani. "Aliyefungwa kamba ni mimi."

Mimi niliona kila mmoja ana lake la kweli, nikanyamaza. Mzazi akinyamaza hudhani amesuluhisha.

Jumamosi moja, saa kumi alasiri, nilikuwa chumbani nikigeuza kola ya shati la Karani. Fundi alikuwa karakanani, ameinama na tupa yake, anasugua ufunguo. Nikamsikia Karani kwenye mlango wa karakana unaotokea uani.

"Kitendawili."

Uzi ulikuwa katikati ya meno yangu, naukata. Nikasema moyoni, kaka yake atajibu.

Hakujibu. Kitasa kikalia, kisha kishindo.

Nilipofika, Fundi alikuwa amempakata mdogo wake, anamfunika kifua kwa kiganja, kana kwamba damu ni maji ya bomba. Shati nililokuwa nashona ndilo tulilomzika nalo.

Nilimfuata Fundi rumande. Tulizungumza wavu ukiwa katikati yetu.

"Nilisikia sauti, Mama. Mkono ulikuwa umeshatangulia."

"Najua, baba."

"Wakili anasema, kama aliingia kimya, basi nilikuwa najilinda. Shahidi ni wewe peke yako. Sema aliingia kimya." Akashika wavu. "Usiposema, utabaki na mtoto gani?"

Nilirudi nyumbani nalo swali lake, kama mtu aliyebeba mzigo asiojua pa kuutua.

Mahakamani, karani mwingine alikuwa amekalia kiti cha mwanangu, anachapa kila neno.

Hakimu akaniuliza taratibu, "Mama, marehemu aliita kabla ya kuingia?"

Nilimtazama Fundi kizimbani. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyevunja chungu, anangoja mama yake aseme ni paka. Nikamkumbuka mwenzake, ambaye hana pa kukatia rufaa ila kinywani mwangu.

"Aliita."

"Alisema nini?"

"Alisema, Kitendawili."

Kule kizimbani, kichwa kimeinama, mwanangu akajibu, "Tega."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Yule karani mwingine akaacha kuchapa. Wakili akafunga faili lake. Nami nikasimama pale, mama niliyewafundisha wote wawili vitendawili, sina hata kimoja cha kumtegea.