Ndoo Aliyotwikwa Kumbukumbu

Siku ya kufunga shule mwalimu alisoma majina mbele ya wazazi. Zulekha, mjukuu wa jirani yangu Bi Tausi, alikuwa wa pili. Wangu, Sikujua, alikuwa wa mwisho. Daktari alikwisha kutueleza kwamba Sikujua ana tatizo la umakini: akili anayo, ila uwezo wa kushika maagizo na kupanga mambo unakua taratibu kuliko kwa wenzake. Nilimsikia vizuri. Hata hivyo, njiani nikamwambia mtoto, "Laiti ningepewa Zulekha." Akauachia mkono wangu. Alasiri hiyo nikajilaza na uchungu wangu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya vijumba vyeupe, kila mtoto na chake. Mwanamke aliyevaa khanga nzuri kuliko yangu akanishika kiganja. Alikuwa Wivu, na mkono wake ulichoma. "Shoga, hebu chungulia kwa Zulekha." Humo Kumbukumbu wake alikuwa binti mwenye shingo imara, amejitwika ndoo, hata tone halimwagiki. Roho ikaniuma. "Mwibe," Wivu akaninong'oneza. Nikamvuta yule binti mpaka kwenye kijumba cha Sikujua, lakini mlangoni akagoma. "Bibi, mie humu simjui mtu. Na mwenyewe yumo."

Kweli alikuwamo: Kumbukumbu wa Sikujua, mtoto mdogo mno, kichwani ndoo kubwa, maji yakimtiririka hadi kifuani. Aliponiona akaitua, akayachota yaliyobaki kwa viganja, akaniletea. "Karibu, bibi. Yamepungua kidogo." Bibi mmoja aliyekuwa akifagia, jina lake Subira, akaniambia, "Anakua, ila kwa mwendo wake, na huenda asimfikie wa jirani. Kumfokea hakumrefushi. Lakini nani amemtwika ndoo ya mtu mzima?" Nilitaka kumtaja mwalimu. Wivu akaangua kicheko. "Si wewe, shoga? Fagia, oga, tafuta kiatu, usisahau daftari, yote kwa pumzi moja!"

Nikaamka nimeelewa. Ng'ambo ya ua Bi Tausi alikuwa akipongezwa, na sitasema haikuniuma. Sikujua alikuwa barazani, amenipa mgongo. Nikaketi sakafuni kando yake.

"Nilikosea, mjukuu wangu. Ninayemtaka ni wewe."

Akageuza uso kidogo.

"Lete kitabu, tusome mstari mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Akakimbia ndani. Akarudi amenibebea mto wa kukalia.

"Na kitabu?"

"Lo! Nimesahau, bibi."

Nikaukalia ule mto. "Kakilete. Nakusubiri."